Nafasi Kwanza, Jina Baadaye: Mwongozo wa Usajili wa Wachezaji wa Kigeni kwa Klabu za Tanga

Mwongozo huu ni kwa watu wanaobeba kazi ya usajili katika klabu za Tanga na mwambao wa kaskazini: makatibu, mameneja wa timu, wahasibu na wajumbe wa kamati za usajili. Haufundishi namna ya kumtambua mchezaji mzuri. Hiyo ni kazi ya kocha. Unashughulikia kinachofuata kocha akisharidhika: je, mgeni huyu ana nafasi ndani ya idadi inayoruhusiwa, na aliyeikalia nafasi hiyo leo ataondoka kwa njia gani, lini, na kwa fedha ya nani?

Msimamo wa mwongozo ni mmoja. Nafasi ya mgeni ni kama gati la bandari: meli ya pili haifungi mpaka ya kwanza ing'oe nanga. Klabu nyingi hupata hasara kwa kuanza na jina la anayekuja na kuliacha suala la anayetoka mpaka siku za mwisho za dirisha la usajili.

1. Idadi hubadilika, soma kanuni za msimu husika

Mwaka 2015 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilipandisha idadi ya wageni wa klabu ya Ligi Kuu kutoka watano hadi saba. Mwaka 2018 ikawa 10, na mwaka 2021 ikafika 12. Kila badiliko liliwakuta wachezaji wakiwa na mikataba iliyosainiwa chini ya idadi ya zamani. Kwa kuwa mkataba unaweza kuwa wa miaka miwili au mitatu na kanuni hutolewa kila msimu, mgeni anaweza kusajiliwa chini ya kanuni moja na kumalizia mkataba chini ya nyingine.

Kwa hiyo, kabla dirisha halijafunguliwa, katibu apate nakala ya kanuni za msimu mpya na aandike pembeni majibu ya maswali matatu. Wageni wangapi wanaruhusiwa kusajiliwa? Wangapi wanaruhusiwa kutumika katika mechi moja? Je, kanuni hizo ni za daraja letu? Idadi ya kusajili na idadi ya kucheza ni mambo mawili, na hayalazimiki kulingana. Klabu inayopanda au kushuka daraja, jambo ambalo African Sports na Coastal Union wanalijua vizuri, isichukulie kwamba kanuni za Ligi Kuu ndizo za Championship, daraja linaloifuata.

Klabu inayoshiriki mashindano ya CAF ina orodha nyingine yenye tarehe na masharti yake. Coastal Union ilipomaliza ya nne msimu wa 2023/24 na kuingia Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa na Bravos do Maquis ya Angola, ilibidi kazi ya orodha mbili ifanywe na ofisi ileile. Jambo la namna hiyo lipangwe mapema, kwa sababu mgeni aliyemo katika orodha moja anaweza kukosekana katika nyingine.

2. Nani anahesabika mgeni

Kigezo ni uraia. Lugha, kabila na mahali familia ilipo havihesabiki. Kwa Tanga hili lina uzito wa pekee. Mdigo wa Lunga Lunga na Mdigo wa Horohoro wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, wakasalimiana kwa lafudhi moja, lakini wa kwanza akija uwanja wa Mkwakwani na pasipoti ya Kenya anachukua nafasi moja ya mgeni sawasawa na Mghana au Mbrazili. Wakenya Jerry Santo na Crispin Odula walipoichezea Coastal Union, Mombasa kuwa karibu hakukupunguza hesabu.

Wapo wanaodhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imelimaliza suala hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa nguvukazi kuvuka mipaka, ila haijamfanya Mkenya, Mganda au Mrundi kuwa mzawa katika usajili wa Ligi Kuu. Ulaya ilikwenda njia nyingine. Hukumu ya kesi ya Jean-Marc Bosman, Desemba 1995, ilifuta vikomo dhidi ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya waliocheza ndani ya umoja huo. Huku kwetu hakuna hukumu ya aina hiyo, na klabu isijenge usajili wake juu ya matumaini.

Mchezaji wa Unguja au Pemba ni Mtanzania, hahesabiwi mgeni. Hata hivyo anatoka chini ya shirikisho la soka la Zanzibar (ZFF), kwa hiyo karatasi zake za uhamisho zifuatiliwe kati ya shirikisho hilo na TFF, wala asisajiliwe kienyeji kwa sababu tu amevuka kwa boti.

Chini ya umri wa miaka 18 hesabu inakuwa nyingine kabisa. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa watoto isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inawahusu watu wa mpakani: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo nayo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huohuo, umbali wote usizidi kilomita 100, naye aendelee kuishi nyumbani kwao. Tanga mjini iko karibu na mpaka kiasi cha kulifanya suala hili kuwa la kazi kabisa. Pimeni umbali, andikeni, na ombeni maelekezo ya TFF kabla ya kumwingiza kijana wa Vanga, upande wa Kenya, katika kikosi cha vijana.

3. Fungueni daftari la nafasi

Kila klabu iwe na daftari, la karatasi au la kompyuta, lenye mstari mmoja kwa kila nafasi ya mgeni. Kwenye mstari huo viandikwe:

- jina la mchezaji, uraia na namba anayocheza uwanjani;
- tarehe ya kuanza na ya kuisha mkataba;
- tarehe ya kuisha kibali cha kazi na cha ukaazi;
- mshahara wa mwezi, bonasi na ada ya usajili ambayo haijalipwa;
- gharama ya kumwachia leo, kwa hesabu ya mishahara iliyobaki;
- nani anamiliki haki zake, sisi au klabu iliyomkopesha.

Safu ya gharama ya kumwachia ndiyo inayoamua mengi. Chukua mfano wa kubuni: mgeni analipwa shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na mkataba wake umebaki miezi 14. Mishahara iliyobaki ni shilingi 56,000,000. Kamati ikisema mgeni mpya anagharimu milioni 30, mhasibu aseme ukweli wote: bei ya kuanzia mazungumzo ni milioni 86, kwa sababu hakuna nafasi mpaka wa kwanza aondoke. Maelewano yanaweza kuishusha bei hiyo. Kuificha hakuishushi.

Daftari pia linaonyesha nafasi zinatumika wapi uwanjani. Msimu wa 2023/24 kipa Ley Matampi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo aliidakia Coastal Union na kutwaa tuzo ya kipa bora wa Ligi Kuu. Hapo nafasi moja ilizaa matunda ya msimu mzima. Misri, kwa upande wake, imewafungia mlango makipa wa kigeni ili kuwalea wa kwao. Kanuni za Tanzania zinaiachia klabu uamuzi huo, nayo inapaswa kuujadili: mgeni anayekaa benchi anakula nafasi sawasawa na mgeni anayeibeba timu.

4. Kumtoa mchezaji: njia zinazofaa na isiyofaa

Njia ya kwanza ni mkataba kuisha. Ni nafuu kuliko zote, na ndiyo maana mikataba ya wageni isiishe yote msimu mmoja. Ipangeni ipishane.

Ya pili ni kuvunja mkataba kwa maelewano. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe na pande zote mbili, yataje kiasi, tarehe za malipo na kwamba hakuna dai linalobaki baada ya malipo kukamilika. Maneno ya mdomo na kupeana mikono kwenye uwanja wa ndege si ushahidi.

Ya tatu ni kuuza. Hii ndiyo njia ya heri, lakini ni adimu, kwa sababu mnunuzi wa ndani naye lazima awe na nafasi.

Ya nne ni mkopo. Mgeni anayekopeshwa kwa klabu nyingine ya Tanzania anatoka katika hesabu yenu na kuingia katika hesabu yao. Hapa klabu za mikoani zina turufu ambayo mara nyingi hazijui kuicheza. Mwishoni mwa dirisha, klabu kubwa yenye wageni 13 kwa nafasi 12 inamtafutia wa 13 mahali pa kwenda. Klabu yenye nafasi tupu inaweza kudai mwenye mchezaji alipe sehemu kubwa ya mshahara, hata wote. Anayepokea aangalie jambo moja: kwa kanuni za FIFA mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu katika msimu mmoja, na kwa kawaida kucheza mechi rasmi kwa mbili tu. Mgeni aliyekwisha kuzichezea mbili atakuja kutazama.

Isiyofaa ni kumkata mchezaji kwenye orodha huku mkataba wake ukiwa hai, kisha kumwambia afanye mazoezi peke yake mpaka achoke. Kumwondoa kwenye usajili hakumalizi ajira. Mchezaji ana haki ya kupata nafasi ya kushindania namba, na mamlaka za FIFA zimekuwa zikitambua kwamba kumnyima usajili kwa ajili ya kikomo cha wageni kunaweza kumpa sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Kikomo ni tatizo la klabu. Hakiwezi kutumiwa kumnyang'anya mchezaji ujira wake.

5. Kumleta mchezaji: mpangilio wa hatua

Fuateni mpangilio huu, na hatua moja isirukwe kwa sababu wakala ana haraka.

Kwanza, thibitisheni nafasi. Katibu asaini katika daftari kwamba nafasi fulani ipo wazi au itakuwa wazi tarehe fulani kwa karatasi fulani.

Pili, kagueni pasipoti na hali ya mkataba wake wa sasa. Mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukiwa umebaki miezi sita au chini ya hapo. Kabla ya hapo zungumzeni na klabu yake kwanza. Wakala awe na leseni ya FIFA.

Tatu, fanyeni vipimo vya afya na ulizeni kuhusu vibali kabla ya kusaini. FIFA haikubali mkataba uliofungwa kwa sharti kwamba utakuwa halali mchezaji akifaulu vipimo au akipata kibali cha kazi. Mkishasaini, mmesaini. Goti likikutwa bovu kesho yake, deni ni lenu na nafasi imekaliwa.

Nne, andaeni vibali. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi, kwa mwajiriwa Daraja B, hutolewa na Uhamiaji. Mkenya kuvuka Horohoro bila viza hakumpi ruhusa ya kufanya kazi. TFF na Baraza la Michezo la Taifa washirikishwe mapema, maana barua zao huongoza njia.

Tano, ingizeni taarifa katika TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho wa kimataifa, pamoja na mkataba, pasipoti, uthibitisho wa kuisha kwa mkataba wa awali na makubaliano ya klabu mbili kama yapo. TFF ndiyo inayoomba Hati ya Kimataifa ya Uhamisho, ITC, kutoka shirikisho anakotoka mchezaji. Jina lisiloandikwa sawasawa na pasipoti, au ukurasa usiosainiwa, kunatosha kuwafanya mpitwe na siku ya mwisho.

Sita, subirini ITC na uthibitisho wa usajili wa ndani ndipo mumtambulishe. Kumvika jezi mbele ya mashabiki kabla ya hapo kunamwongezea yeye na wakala wake nguvu ya kudai, nanyi hamjapata chochote.

6. Mkataba uandikwe kwa kuikumbuka nafasi

Mkataba wa mgeni uwe na vifungu vinavyosaidia kuifungua nafasi bila ugomvi:

- Muda. Msimu mmoja wenye haki ya kuongeza mwingine kwa makubaliano ni salama kuliko miaka mitatu kwa mchezaji ambaye hamjamwona katika ligi hii.
- Kiasi cha kuvunja mkataba. Kiandikwe mapema, kiwe cha haki kwa pande zote mbili, badala ya kuachiwa mashauri.
- Mkopo. Mkopo unahitaji ridhaa ya mchezaji. Zungumzieni jambo hilo siku ya kusaini, si siku mnayomhitaji aondoke.
- Kodi na makato. Elezeni kama mshahara ni kabla au baada ya PAYE na NSSF. Ugomvi mwingi wa mishahara ya wageni huanzia kwenye kimya cha kifungu hiki.
- Sarafu. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Kabla ya kuandika dola katika mkataba, muulizeni mwanasheria na benki.
- Lugha. Mchezaji apewe nakala katika lugha anayoisoma. Sahihi ya mtu asiyeelewa alichosaini ni mwanzo wa kesi.

7. Deni la mgeni halifi

Klabu ikikaa na mishahara ya miezi miwili bila kuilipa, mchezaji anaweza kutoa notisi ya maandishi ya siku 15. Zikipita bila malipo, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali na kwenda FIFA. Uamuzi ukitoka na klabu isilipe ndani ya siku 45, inaweza kufungiwa kusajili mpaka ilipe, hadi madirisha matatu mfululizo.

Hapo ndipo kikomo cha wageni na deni vinapoungana. Klabu iliyofungiwa inaweza kuwa na nafasi tano tupu na isiweze kuijaza hata moja, tena kwa wazawa pia. Agosti 2023 Kitayosce ya Tabora, ikiwa chini ya kifungo cha usajili cha FIFA, iliingia uwanjani dhidi ya Azam na wachezaji wanane tu. Mechi ilivunjika dakika za mwanzo, wachezaji walipopungua chini ya saba, matokeo yakiwa 4-0. Yanga nayo, pamoja na ukubwa wake, iliwahi kufungiwa kwa dai la mshambuliaji Mzambia Lazarous Kambole. Kama deni liliifikia Yanga, halitawasahau Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union.

Mhasibu awe na orodha ya wageni wote walioondoka katika miaka ya karibuni na kiasi kinachodaiwa na kila mmoja. Uongozi mpya unaporithi ofisi, orodha hiyo ikabidhiwe pamoja na funguo.

8. Uraia si mlango wa nyuma wa usajili

Januari 2025 Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Arthur Bada kutoka Ivory Coast na Muhammed Damaro Camara kutoka Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Mjadala ulikuwa mkubwa, na chanzo chake kilieleweka: mgeni akiwa raia, nafasi ya mgeni inakuwa wazi.

Klabu izingatie mambo matatu. Uraia hutolewa na mamlaka ya nchi chini ya Sheria ya Uraia, Sura ya 357, na klabu haina mamlaka ya kumwahidi mchezaji. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mchezaji anaacha kitu kikubwa, na ashauriwe na mtu asiye wa klabu. Tatu, kuwa mzawa katika ligi hakumpi moja kwa moja haki ya kuvaa jezi ya Taifa Stars. FIFA ina masharti yake ya miaka ya kuishi nchini. Msipange msimu kwa uraia ambao bado haujatolewa.

9. Mzawa ni upande wa pili wa hesabu

Nafasi za wageni zikijaa, mzawa mzuri hupanda bei. Klabu za Tanga ni wauzaji katika soko hilo. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union kwenda Yanga mwaka 2020. Juni 2024 Simba ilimtangaza beki wa Coastal, Lameck Lawi. Coastal ikapinga kwa hoja kwamba masharti ya malipo hayakutimizwa, na shauri likafika TFF. Somo la ofisi ni kwamba mkataba wa mzawa uandikwe kwa uangalifu uleule wa mkataba wa mgeni: tarehe za malipo, matokeo ya kuchelewa, na wakati hasa umiliki unapohama.

Kijana wa Tanga naye huwa mgeni kwa wengine. Abdi Banda, aliyepita Coastal Union na Simba, alikwenda Baroka ya Afrika Kusini mwaka 2017, katika ligi inayoruhusu wageni watano tu. Huko alikuwa yeye anayehesabiwa. Klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 zina haki ya mgawo wa asilimia 5 ya ada anapouzwa kimataifa kwa fedha, kwa uwiano wa miaka ya malezi. Haki hiyo hutegemea kumbukumbu. Kijana anayecheza leo viwanja vya Usagara, Makorora au Pongwe asajiliwe rasmi katika mfumo wa TFF kwa jina lake kamili na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Klabu isiyo na rekodi haitaulizwa siku fedha zinapogawanywa.

10. Ukaguzi kabla ya dirisha kufungwa

Siku saba kabla ya dirisha kufungwa, katibu, mhasibu na meneja wakae pamoja na kujibu maswali haya kwa maandishi:

- Wageni waliosajiliwa ni wangapi, na kanuni ya msimu huu inasemaje?
- Kila anayetoka ana karatasi iliyosainiwa?
- Kila anayekuja amepimwa, ana pasipoti isiyokaribia kuisha, na maombi ya vibali yameingia?
- TMS inaonyesha nini, na ITC ipi bado?
- Madeni yote yaliyofika FIFA au yanayoelekea huko yamelipwa?
- Mshahara wa kila mgeni kwa miezi mitatu ijayo una chanzo kinachojulikana?

Jibu moja likiwa "hapana" au "tutaona", mgeni anayehusika asisajiliwe dirisha hili. Nafasi iliyobaki tupu inaweza kujazwa dirisha dogo. Mkataba uliosainiwa vibaya utalipwa hata baada ya viongozi walioukubali kuondoka. Wajumbe wa kamati wanaombwa wauheshimu uamuzi wa ofisi katika hili, na mashabiki waelezwe mapema kwamba katibu anayesema "subirini" anailinda klabu yao.